Ukuta Usiosomwa: Michoro ya Murang'a na Upofu wa Uhakiki

Utangulizi

Mengi yamekwisha kuandikwa katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki juu ya Biblia katika riwaya za Ngugi wa Thiong'o. Kihika, mpiganaji wa msituni katika A Grain of Wheat (1967), ambaye ananyongwa na kutundikwa mtini hadharani, amelinganishwa na Kristo mara nyingi kiasi kwamba mwanafunzi anayeirudia hoja hiyo leo haongezi lolote katika elimu. Hata hivyo, miaka kadhaa kabla ya riwaya hiyo kuchapishwa, Kristo Mwafrika alikuwa amekwisha kusulubiwa katika ukuta wa kanisa mjini Murang'a, mbele ya waumini ambao wengi wao hawakuwa na haja ya kusoma Kiingereza ili wamtambue. Aliyemchora ni Elimo Njau. Juu ya ukuta huo idara za fasihi zimenyamaza, au zimesema machache ya juujuu na kupita.

Makala haya yanashikilia kwamba kimya hicho hakikutokea kwa bahati mbaya. Kinatokana na mazoea matatu ya uhakiki ambayo kila moja hutazama kitu kilicho kando ya kazi ya sanaa badala ya kuitazama kazi yenyewe. Zoea la kwanza hutazama rangi ya ngozi ya Kristo, la pili jengo lililoubeba mchoro, na la tatu asili ya msanii. Ukuta wa Murang'a ni usimulizi wenye mwanzo, mtiririko na mwisho uliochaguliwa. Ni usimulizi unaohusu yaliyowapata watu wa Murang'a, Embu na Meru wakati wa Hali ya Hatari, na historia yoyote ya fasihi ya nchi ya Mlima Kenya inayouruka ni historia pungufu.

Ukuta na wakati wake

Elimo Njau alizaliwa mwaka 1932 huko Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, akasomea sanaa na ualimu katika Chuo Kikuu cha Makerere, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu alipopewa kazi ya kuchora katika kanisa la ukumbusho la Kianglikana huko Murang'a, mji ambao wakati huo uliitwa Fort Hall. Kazi hiyo aliifanya mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni michoro mitano mikubwa: Kuzaliwa kwa Yesu, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Bustani ya Gethsemane na Kusulubiwa. Watu wake ni Waafrika, na nchi yao ni migongo na mabonde ya Mlima Kenya.

Kanisa hilo lina jina la kuzingatiwa: Mtakatifu Yakobo na Wafiadini Wote. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, katika safari ileile ambayo Obadiah Kariuki aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi. Kusudi lilikuwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa katika vita vya Mau Mau, wengi wao kwa sababu walikataa kula kiapo.

Ni kosa kulifanya jambo hili kuwa la Wagikuyu wa Murang'a peke yao. Serikali ya kikoloni iliwaweka Wagikuyu, Waembu na Wameru katika fungu moja la kisheria, ikawaandikia kanuni za pamoja na kuwatilia shaka kwa pamoja. Katika Operesheni Anvil ya Aprili 1954, mitaa ya Nairobi ilizingirwa na watu wa makabila hayo matatu wakapekuliwa na kuchambuliwa, maelfu wakapelekwa vizuizini. Kuanzia mwaka huohuo, zaidi ya watu milioni 1 wa nchi ya mlima walihamishwa kutoka migongoni kwao wakakusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyokuwa chini ya ulinzi. Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika ulipofanyika Machi 1957, mpiga kura wa fungu hilo alitakiwa kwanza athibitishiwe utiifu wake kwa cheti. Kwa kuwa vyeti hivyo vilipatikana kwa wingi zaidi Meru kuliko sehemu nyingine za Mkoa wa Kati, kiti cha mkoa kilichukuliwa na Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru. Basi fungu lililobuniwa na serikali kwa ajili ya adhabu liliingia hata katika sanduku la kura.

Kanisa nalo lilifuata ramani hiyohiyo. Misheni ya Kianglikana ilikuwa imefika Kigari, Embu, mwaka 1910. Mpaka mwaka 1975, dayosisi ya Mlima Kenya ilipogawanywa na upande wa mashariki, wenye Embu na Meru, ukapata askofu wake David Gitari, Mwanglikana wa Embu au Meru alihesabiwa kuwa mtu wa dayosisi ileile ya Murang'a. Ukuta wa Murang'a ulikuwa ukuta wake pia. Mtu anayeandika juu ya sanaa ya Embu na Meru akaanza na kuishia ndani ya mipaka ya wilaya hizo anaifuata ramani ambayo waumini wenyewe hawakuwa nayo.

Hoja ya rangi

Sifa inayorudiwa zaidi kuhusu michoro hiyo ni kwamba msanii alimfanya Yesu kuwa Mwafrika. Sifa hiyo ni ya kweli, na kwa wakati wake tendo hilo halikuwa dogo. Waumini wa Afrika Mashariki walikuwa wamezoeshwa picha zilizochapishwa Ulaya, zenye Yesu wa nywele ndefu za dhahabu. Lakini sifa ikikomea hapo inageuka kuwa tusi. Kama alichofanya Njau ni kuichukua picha ya Kizungu na kuibadilisha ngozi, basi alinakili. Na hakuna msanii wa Afrika Mashariki aliyepinga kunakili kwa ukali kuliko yeye: karibu maisha yake yote aliwafundisha vijana kwamba anayeiga kazi ya mwingine anaua kipaji alichopewa na Mungu. Kumsifu mtu huyo kwa kubadilisha rangi tu ni kumsingizia kosa alilolipiga vita.

Uhakiki wa rangi una ubaya mwingine. Unamfanya mtazamaji wa kudhaniwa kuwa Mzungu. Anayeshtuka kumwona Yesu mweusi ni yule aliyekuja na Yesu mweupe moyoni. Mama wa Murang'a au wa Embu aliyeketi katika benchi la kanisa mwaka 1960 hakuja kanisani ili ashtuke. Alikuja na mambo yake: mume aliyerudi kutoka Manyani, au ambaye hakurudi, shamba lililopimwa na kugawiwa wakati mwenyewe yuko kizuizini, jirani ambaye hamwamkii tena. Swali la uhakiki ni mama huyo aliona nini, na swali hilo haliwezi kujibiwa na anayeishia kwenye ngozi.

Kwa wahakiki wa Kiswahili kosa hili si geni. Kwa miaka mingi mjadala wa ushairi ulitumia nguvu nyingi kuuliza kama shairi lisilo na vina ni shairi, na ulipokwisha ikaonekana kwamba mashairi yenyewe, yenye vina na yasiyo na vina, yalikuwa yamesomwa kidogo mno. Rangi ya Kristo ndiyo vina na mizani ya uhakiki wa michoro ya Murang'a. Ni jambo la fani linaloonekana upesi, na kwa sababu linaonekana upesi humruhusu mhakiki kuondoka mapema.

Hoja ya jengo

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na wanaoitoa hawapaswi kudharauliwa. Wanasema kwamba kanisa hilo lilijengwa na upande mmoja wa vita. Jiwe lake la msingi liliwekwa na mkuu wa kanisa la mtawala, katikati ya miaka ambayo mtawala huyo alikuwa akinyonga watu: zaidi ya Waafrika 1,000 walipelekwa kitanzini na mahakama za Hali ya Hatari, Dedan Kimathi akiwa mmoja wao, Februari 1957. Waliokufa msituni na waliouawa katika kambi kama Hola, mahali ambapo wafungwa 11 walipigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959, hawakujengewa kanisa. Kwa hiyo, husema watetezi wa hoja hii, mchoro ulio katika ukuta wa jengo kama hilo ni mapambo ya ushindi wa kikoloni, na uhakiki wa kimaendeleo hauna kazi nao.

Kwanza, hoja hiyo haiwatendei haki wafu wenyewe. Wengi wa Wakristo waliouawa walikuwa watu wa uamsho, na miongoni mwa watu hao walikuwamo waliokataa kiapo cha msituni na papo hapo wakakataa bunduki ya homugadi. Kuwaita vibaraka watu waliokataa silaha za pande zote mbili ni kuandika historia kwa kalamu ya karani wa vyeti vya utiifu, aliyejua mafungu mawili tu ya watu.

Pili, hoja hiyo inalisoma jengo na kuuacha ukuta. Mhakiki yeyote wa fasihi anajua kwamba kitabu si mali ya mchapishaji wake. Vitabu vingi vya Kiswahili vya nusu ya kwanza ya karne ya 20 vilipita mikononi mwa kamati za lugha na mashirika ya uchapishaji ya kikoloni, na bado wahakiki wamejua kumtafuta Shaaban Robert nyuma ya mhuri wa mchapishaji. Heshima hiyo aliyopewa mwandishi kwa nini anyimwe mchoraji?

Na ukuta ukisomwa, jambo la kwanza linalodhihirika ni uteuzi wa matukio. Maisha ya Yesu katika Injili yana miujiza, mahubiri, mifano, ufufuko na kupaa. Mipango ya kawaida ya picha za kanisani hupenda hayo, hasa ufufuko, kwa kuwa ndio unaofariji. Kanisa la kuwakumbuka waliouawa lingetarajiwa kuutaka kuliko kanisa jingine lolote. Michoro mitano ya Murang'a haina muujiza wala ufufuko. Inaanza na mtoto na kuishia msalabani. Msimulizi anayesimama Ijumaa, asiifikie Jumapili, amefanya uamuzi wa kisimulizi, na uamuzi huo una maana katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa bado Ijumaa: Hali ya Hatari ilikomeshwa rasmi Januari 1960.

Jambo la pili ni kwamba kila tukio kati ya hayo matano lilikuwa na mwenzake katika maisha ya watazamaji. Kuzaliwa kwa Yesu katika Injili ya Luka kunatukia kwa sababu serikali ya kifalme imeamuru watu wakahesabiwe na kuandikishwa, na wazazi wamelazimika kusafiri; msikilizaji aliyeishi kwa kipande na kibali cha kusafiri hakuhitaji ufafanuzi. Ubatizo ni ibada ya kumtoa mtu katika hali moja na kumwingiza katika nyingine, na katika miaka hiyo ulikabiliana uso kwa uso na kiapo, ambacho nacho kilikuwa ibada ya kuvuka. Karamu ya Mwisho ni mlo wa ndugu ambao mmoja wao amekwisha kuwauza wenzake. Katika nchi ambayo mtu aliyefunikwa gunia kichwani, gakunia, alisimama mbele ya mstari wa majirani zake na kwa kutikisa kichwa tu akawapeleka kizuizini, meza hiyo haikuwa ya Yerusalemu. Gethsemane ni bustani ya usiku na ya kukamatwa, na ndani yake mwanafunzi anachomoa upanga akaamriwa aurudishe alani. Hapo ndipo wafu wa uamsho, waliokataa bunduki, wanapopewa heshima yao.

Kisha unafuata msalaba. Katika Injili zote nne, aliyesulubiwa hauawi na majambazi wala hauawi msituni. Anahukumiwa na gavana, anauawa na askari wa dola, hadharani, kama mfano kwa wengine, kati ya watu wawili waliohukumiwa pamoja naye. Mtu mweusi anayeuawa kwa namna hiyo juu ya mgongo wa nchi ya Murang'a, katika mchoro wa mwishoni mwa miaka ya 1950, hawezi kuwa mfano wa mtu aliyeuawa na Mau Mau peke yake. Kisa chenyewe kinakataa. Wauaji wake wana sheria, wana hati ya hukumu, wana sare. Ukuta uliojengwa kuwakumbuka wafu wa upande mmoja umechorwa tukio ambalo linawaingiza wafu wa upande wa pili, bila mtu kutajwa jina na bila mstari mmoja wa Injili kubadilishwa.

Jina la kanisa linasema Wafiadini Wote. Walioliandika jina hilo huenda walikuwa na orodha fupi mawazoni. Mchoro umelichukua neno "wote" kama lilivyo. Hiyo ndiyo kazi ambayo wahakiki wa kushoto wameiona kuwa pambo la ushindi.

Itasemwa kwamba msanii, Mkristo mcha Mungu na mwana wa mwalimu wa Kilutheri, hakukusudia hayo. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama uhakiki ungelitumia kwa wote. Lakini hakuna anayeisimamisha tahakiki ya riwaya za Kezilahabi mpaka ithibitishwe alichokusudia mwandishi kila sura. Maana ya kazi hutafutwa katika kazi, katika wakati wake na katika watu walioipokea. Kanuni hiyo ikikubaliwa kwa karatasi, haiwezi kukataliwa kwa chokaa. Wala hapa haisemwi kwamba ukuta wa Murang'a ni waraka wa siri wa wapiganaji. Kinachosemwa ni kidogo zaidi na ni kigumu zaidi kukanusha: kwamba usimulizi wake ni mpana kuliko kusudi la jengo lake.

Hoja ya asili

Hoja ya tatu huuliza msanii ametoka wapi. Njau ni Mchagga. Basi, husemwa, aliyoyachora Murang'a ni macho ya mgeni. Hoja hii ina sura ya uzalendo, lakini mizizi yake imo katika lile fungu la kisheria lililokwisha kutajwa, ambalo lilitaka kila mtu awe na kabila lake kwenye kipande chake. Mkulima wa Marangu na mkulima wa miteremko ya Embu na Meru walikuwa na mengi ya pamoja: migomba, migongo yenye mito, mlima mtakatifu juu ya vichwa vyao, na kahawa. Wachagga walikuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa tangu miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 Waembu na Wameru walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini Kenya kuruhusiwa kuipanda, wakati Wagikuyu wakizuiliwa ili masetla wasipate washindani. Kama ni suala la nani anaijua nchi ya mlima, Mchagga si mgeni wa kuoneshwa njia.

Udhaifu wa hoja ya asili unaonekana wazi zaidi inapogeuzwa upande wa pili, kwa msanii ambaye kwa kuzaliwa ni wa Meru kabisa. Rosemary Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928, baba yake akiwa Mganda na mama yake Mkenya, akasoma sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa kufanya hivyo. Baada ya hapo alifundisha shule, akalea familia, na kwa miaka mingi hakuonekana katika maonyesho. Alirudi katika sanaa mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa anakaribia miaka sitini, kwa kubandika vipande vidogo vya karatasi za rangi alivyokata kutoka katika maganda ya sabuni na mifuko ya unga. Mbinu hiyo ni jamaa ya karibu ya ule ufundi wa kale wa kupamba kuta za makanisa kwa vijiwe vya rangi: picha nzima inajengwa kwa punje, na jicho la mtazamaji ndilo linaloziunganisha. Mwaka 1990 kazi zake zilioneshwa New York, katika jumba la Studio Museum la Harlem, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa mwanamke katika maonyesho hayo ya wasanii wa Afrika. Alifariki Ireland mwaka 2021.

Nini kimeandikwa juu yake? Karibu kila andiko linaanza na sabuni na unga na kuishia kwenye umri wake. Bibi mwenye mvi, makaratasi ya takataka, kipaji kilichochelewa: hiyo ndiyo tahakiki. Njau ananyimwa usomaji kwa sababu hakuzaliwa hapo. Karuga, aliyezaliwa hapo, ananyimwa usomaji vilevile, kwa kuwa maisha yake ni hadithi tamu kuliko wasomaji wanavyodhani kazi yake inaweza kuwa. Na hapa idara za fasihi hazina udhuru hata kidogo, kwa sababu Karuga aliifanyia kazi riwaya: alitengeneza picha za The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola, iliyochapishwa mwaka 1952. Mwanamke wa Meru amemsoma Mnaijeria kwa mkasi na gundi. Wanafunzi wangapi wanaofundishwa Tutuola wameambiwa kwamba usomaji huo upo?

Jicho katika mtaala

Mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ifutwe na nafasi yake ichukuliwe na idara ambayo Afrika itakuwa kitovu chake. Ushindi wao mkubwa ulikuwa kuiingiza fasihi simulizi darasani. Tangu hapo kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki amefundishwa kwamba fasihi ni mbili, simulizi na andishi. Sikio limekombolewa, na ni haki. Jicho lilibaki nje ya mlango, na mgawanyo huo wa mafungu mawili, ulioletwa kuvunja ukuta, umekwisha kuwa ukuta mwingine.

Aibu ni kwamba nchi ya Mlima Kenya yenyewe ilikuwa na jibu. Gicandi ya Wagikuyu ni kibuyu kilichochongwa alama juu ya ngozi yake, na mtambaji wake aliimba shairi huku akizifuata alama hizo, akishindana na mwenzake kwa mafumbo na majibu. Padre Vittorio Merlo Pick wa Shirika la Consolata alichapisha utafiti juu yake mwaka 1973, na Kimani Njogu baadaye akaiweka sambamba na kujibizana kwa washairi wa Kiswahili. Kibuyu hicho ni simulizi au ni andishi? Kimeimbwa, kimechongwa, kimesomwa. Anayesema kwamba watu wa mlima hawakuwa na desturi ya kusoma picha, na kwamba mchoro wa ukutani ni mgeni wa kimisionari asiye na pa kukaa, hajakishika kibuyu mkononi.

Njau mwenyewe alilijua hilo la neno na picha kukaa nyumba moja. Alishiriki na Ezekiel Mphahlele katika kituo cha Chemchemi mjini Nairobi kuanzia 1963, na mwaka 1965 akaanzisha Paa ya Paa pamoja na wenzake waliokuwamo washairi na waandishi, Jonathan Kariara na Hilary Ng'weno miongoni mwao. Hata jina la mahali hapo ni mchezo wa maneno ambao mwalimu wa ushairi angeufurahia: paa mnyama, na paa kitendo cha kwenda juu. Waandishi wa kizazi hicho waliketi katikati ya picha na kuzungumza. Waliokuja kuwahakiki waliwatoa humo, wakawapeleka maktaba peke yao.

Hitimisho

Mwaka 1997 moto uliteketeza Paa ya Paa, na kazi za sanaa, vitabu na kumbukumbu za miaka zaidi ya thelathini zikapotea. Kitabu kikiungua, nakala nyingine huwa iko mahali. Ukuta hauna nakala. Rangi yake ikififia au jengo likikarabatiwa na fundi asiyejua, kinachobaki ni kile tu ambacho waliouona wameandika. Kwa hiyo tahakiki makini ya michoro ya Murang'a, mchoro kwa mchoro, ni sehemu ya uhifadhi wake, na kila mwaka unaopita bila tahakiki hiyo ni hasara isiyoweza kulipwa baadaye.

Leo kuna vyuo vikuu Embu, Chuka na Meru, vyote vikiwa katika nchi ileile iliyofungwa katika fungu moja miaka ya 1950. Mwanafunzi wa uzamili katika chuo chochote kati ya hivyo anaweza kuufikia ukuta huo kwa matatu na kurudi. Njiani atapita mbele ya kuta nyingine: za makanisa, za shule, za hoteli zilizochorwa mlima na birika la chai na mafundi ambao hakuna aliyewauliza majina. Asipelekwe huko kama mtalii, wala asitumwe kuhesabu wangapi ni weusi na wangapi ni weupe. Apelekwe kama anavyopelekwa kwenye shairi: aulizwe nani anasimulia, kwa nani, ameanza wapi, ameacha nini, na kwa nini amesimama aliposimama.

Wapo watakaojibu kwamba hiyo ni kazi ya idara za sanaa. Jibu hilo lilitolewa pia mwaka 1968, wakati ilipodaiwa kwamba ngano na nyimbo ni kazi ya wanaanthropolojia. Aliyelikataa wakati ule hawezi kulitumia sasa. Wafu wa Murang'a, Embu na Meru, wa kanisani na wa msituni, wamewekwa pamoja katika ukuta mmoja kwa zaidi ya miaka sitini, katika nchi ambayo siasa zake zilichukua muda mrefu sana kuwataja kwa pumzi moja. Uhakiki ulioshindwa kuliona hilo usijisifu kwamba unaijua fasihi ya watu hao.